Nguo ya Kuazima: Maisha ya Rais Ribiera wa Costaguana

Msomaji mpenzi, wako watawala ambao vitabu huwalaani, na wako ambao vitabu huwasifu. Lakini yuko na wa tatu, naye ni yule ambaye hakutenda ubaya wa kutajwa wala hakuacha jema lililodumu. Alikuja akishangiliwa, akaondoka akizomewa, na haukupita muda mrefu ila watu walikuwa wamekwisha kumsahau. Mtawala wa namna hii aghalabu hatumhukumu. Twasema tu, "Maskini, alikuwa mtu mwema," kisha twageuza ukurasa. Katika makala haya naomba tusiugeuze upesi.

Mtu mwenyewe ni Don Vincente Ribiera, Rais wa Costaguana. Usimtafute katika vitabu vya tarikh, wala usiitafute nchi yake katika ramani. Rais huyu na nchi hii ni vya kubuni, vimo katika riwaya iitwayo Nostromo aliyoiandika Joseph Conrad na kuitoa mwaka 1904. Costaguana ni jamhuri ya Amerika ya Kusini, na mambo yake yaelekea kuwa ni ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwandishi wake hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa mwaka 1857 kwa wazazi wa Kipolandi, wakati Poland imegawanywa na kumezwa na madola matatu jirani. Baba yake alipelekwa uhamishoni na serikali ya Urusi kwa sababu ya siasa, na mtoto alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka 7, kisha akafiwa na baba akiwa na miaka 11. Baadaye akawa baharia, na pwani za Amerika ya Kusini alizipitia kwa siku chache tu alipokuwa kijana. Lakini mtu aliyelelewa katika nyumba iliyopoteza nchi yake hahitaji kukaa miaka mingi mahali ili ajue jinsi nchi inavyopotea.

Wengi waisomao riwaya hii humkumbuka Nostromo mwenyewe, yule Mtaliano msimamizi wa makuli wa bandarini, na fedha aliyoificha kisiwani. Jina lake, kwa Kitaliano, laweza kuwa na maana ya serahangi. Rais Ribiera hupewa kurasa chache, na wasomaji humpita kama mtu ampitaye mgeni barazani. Mimi naona kwamba asiyemwelewa Ribiera hakuielewa riwaya, kwani ndani ya maisha yake mafupi ya siasa limo swali ambalo kila nchi hujiuliza: je, wema wa mtawala watosha?

Na tuanze pale alipoanza. Costaguana kwa miaka mingi ilikuwa ikitawaliwa na wenye bunduki. Mmoja wao, Guzman Bento, alijiita mwokozi wa nchi huku akijaza watu magereza na kuwatesa. Mzee Don José Avellanos, mmoja wa waungwana wa mji wa Sulaco, aliburutwa kwa minyororo wakati huo, naye aliponusurika akakaa kuandika kitabu juu ya miaka 50 ya utawala mbovu. Baada ya Bento wakaja wengine, kila mmoja na hongo yake. Katika mkoa huo huo wa Sulaco ulikuwako mgodi wa fedha wa San Tomé. Serikali moja ilimlazimisha Mwingereza aliyezaliwa huko, mzee Gould, kuuchukua mgodi uliokufa na kuulipia kodi ya miaka mitano kabla hajachimba kitu. Jambo hilo lilimfilisi na kumuua kwa uchungu. Mwanawe, Charles Gould, akaapa kuufufua. Akapata mtaji kwa tajiri mmoja wa San Francisco aitwaye Holroyd, na mgodi ukafufuka.

Sasa sikiliza, msomaji, kwa maana hapa ndipo Ribiera anapozaliwa katika siasa. Charles Gould alikuwa akilipa hongo kwa kila mwenye cheo ili aachiwe achimbe. Siku moja akachoka. Akaona kuwa badala ya kuwahonga watawala wabaya mmoja baada ya mmoja, ni rahisi zaidi kugharimia serikali moja njema. Waungwana wa Sulaco walikuwa na mtu wao, mwenye elimu na sifa safi, mkono wake haujagusa damu wala mali ya mtu. Huyo ndiye Don Vincente. Kwa fedha ya mgodi na kwa ushindi wa vita akaketishwa kitini, akapewa mamlaka yote ya dola kwa miaka mitano ili aitengeneze nchi. Akawa raia wa kwanza, asiyekuwa askari, kuiongoza Costaguana.

Hapana aliyemwonea kijicho kwa hilo, wala hakuna aliyedai kwamba ameiba kura au ameua mtu. Lakini tazama kiti chenyewe: mguu mmoja ni fedha ya mgodi ambao mtaji wake umetoka ng'ambo, na mguu wa pili ni bunduki ya askari aitwaye Montero. Huyu Montero alikuwa ofisa mdogo asiyejulikana huko mipakani. Akajiunga na upande wa Ribiera wakati uliofaa, akashinda vita, na ujira wake ukawa ujenerali na Wizara ya Vita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Rais alimvaa Montero mwenyewe, kwa mikono yake miwili, kwa kuwa hakuwa na askari mwingine.

Wakati mzuri kupita wote katika maisha ya Ribiera ni siku alipokwenda Sulaco kuzindua ujenzi wa reli. Kuna karamu ndani ya meli iitwayo Juno, mali ya kampuni ya meli ya Waingereza. Wapo waungwana wa mji, yupo mwenyekiti wa kampuni ya reli aliyetoka London, na yupo Waziri wa Vita na nishani zake kifuani. Rais anasimama. Mwili wake ni mzito usio na nguvu, uso wake una huzuni ya mtu aliyesoma sana. Anazungumza maneno machache juu ya uaminifu, amani, kuheshimu sheria na kulipa madeni ya nchi. Ni maneno mazuri, na kwa hakika anayaamini. Kisha anasimama Jenerali Montero. Yeye hataji sheria wala amani. Anamnywea afya yule mwenyekiti wa reli, akimwita mtu aliyewaletea pauni milioni moja na nusu.

Wageni wakaona aibu kwa ujinga wa jenerali. Lakini mimi nakuuliza, nani kati ya wawili hao aliyesema lililokuwako mezani? Rais alitaja heshima ya taifa, na jenerali akataja bei. Katika karamu nzima hiyo, mjinga peke yake ndiye aliyeitamka hesabu.

Hata miezi sita haikupita. Montero akaasi, na neno alilolitumia kuwaasisha askari lilikuwa ni lile lile la Rais: heshima ya taifa. Akawaambia kwamba Ribiera ameiuza nchi kwa wageni. Aliyesema hayo alikuwa mwongo, kwani yeye mwenyewe alizitamani pauni zile kuliko mtu yeyote. Lakini uongo wake ulikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na chembe hiyo Ribiera ndiye aliyempa. Lau Rais angaliwaambia watu mapema: tumekopa kiasi hiki, kwa sharti hili, reli itapita katika ardhi ya fulani na atalipwa kadha, basi Montero angalikuwa na mdomo bila ya kauli. Siri ya mwenye nyumba ndiyo silaha ya mwenye fitna. Jambo ambalo wewe umeona haya kulisema, adui yako atalisema kwa niaba yako, na atalisema vibaya.

Mwisho wake wajulikana. Akashindwa vita mahali paitwapo Socorro, akakimbia maili 80 katika njia za milimani, akitaraji kufika Sulaco kabla ya habari mbaya. Lakini alipanda nyumbu kiguru, na habari haina kiguru. Nyumbu yule akamfia pale pale mjini, mbele ya wahuni waliokuwa wakivunja madirisha ya serikali, na miongoni mwao wakiwamo askari watoro wa jeshi lake mwenyewe. Wakamtambua. Kama si Nostromo na makuli wake, wangalimuua. Wakampitisha mpaka gatini na kumpakia katika meli iitwayo Minerva, akaenda zake. Na meli hiyo, msomaji, ilikuwa ya kampuni ile ile iliyomkirimu katika Juno siku ya karamu. Waliomleta kwa shangwe ndio waliomwondoa kwa huruma. Yeye katika safari zote mbili alikuwa abiria.

Sasa tuangalie jinsi Conrad alivyoisimulia habari hii, kwa maana namna ya kusimulia nayo ina hukumu yake. Mwandishi hakuanza na karamu akamaliza na nyumbu. Amefanya kinyume. Kukimbia kwa Rais tunakusoma mwanzoni kabisa mwa kitabu, kabla hatujamjua ni nani, tena si kwa kinywa chake bali kwa kinywa cha nahodha mmoja wa Kiingereza apendaye kusimulia, ambaye shabaha yake ni kumsifu Nostromo. Rais anaingia katika hadithi kama mzigo uliookolewa. Karamu ya Juno inakuja kurasa nyingi baadaye, na hapo tunapomwona akiinuka kusema juu ya sheria na amani, sisi tumekwisha kumwona chini kando ya mzoga.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba riwaya imevurugika na wakati wake hauna mpango. Mimi nasema mpango upo. Lau tungalianza na karamu, tungalidanganyika pamoja na waliokuwapo, tungalipiga makofi. Conrad ametunyima makofi hayo. Ametufanya tuyasikilize maneno mazuri huku tukijua mwisho wake, na mtu anayejua mwisho husikiliza kwa sikio jingine. Hatuulizi tena kama maneno ni mazuri. Twauliza yamesimama juu ya nini.

Wala jambo hili mwandishi hakulitoa hewani. Alipokuwa akiiandika riwaya hii, katika majira ya mwaka 1902 na 1903, manowari za Uingereza, Ujerumani na Italia zilikuwa zimezizingira bandari za Venezuela kwa sababu ya madai ya madeni. Na mwezi wa Novemba 1903, Panama ikajitenga na Colombia huku manowari ya Marekani ikiwa karibu, na muda mfupi baadaye Marekani ikapata haki ya kuchimba mfereji. Ukisoma mwisho wa Nostromo utayaona hayo hayo. Mkoa wa Sulaco unajitenga na Costaguana pamoja na mgodi wake, na manowari ya Marekani ndiyo ya kwanza kuipigia saluti bendera mpya. Wazee wetu waliosikia habari za Misri ya Khedive Ismail wataitambua njia hii. Mwaka 1875 aliuza hisa zake za mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza, mwaka 1879 akauzuliwa, na mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia. Deni huingia kwa hati na muhuri, na likichelewa kulipwa huja na mizinga.

Hapa najua msomaji mwenye insafu atanipinga. Atasema: "Wamwonea Ribiera. Katika nchi iliyoharibika miaka 50, mtu mwema angepata wapi nguvu ila kwa hao waliokuwa nazo? Akikataa fedha ya mgodi na bunduki ya Montero, kiti kitaachiwa Montero mwenyewe." Hoja hii ni nzito, nami siidharau. Watu wengi wema wameingia katika kazi ya dola kwa mlango huo huo, na wengine walitenda mema. Conrad naye haicheki nia ya Ribiera, na sisi tusiicheke.

Lakini hoja hiyo yasahau mtu wa tatu, ambaye ni mwananchi. Katika maisha yote ya siasa ya Ribiera tunayosimuliwa, alizungumza na wenye mashamba, na mwenye mgodi, na wenye reli, na wenye jeshi. Hatumwoni hata mara moja akizungumza na mchimbaji au mchungaji. Yuko mtu mmoja katika riwaya aitwaye Hernandez. Alikuwa mkulima mdogo, mpole, hana neno na mtu, akakamatwa kwa nguvu akaingizwa jeshini. Akatoroka, akawa jambazi wa kutisha. Mtawala aliyetaka kuitengeneza nchi angaliweza kuanza na kesi ya mtu kama huyo: nani alimdhulumu, na dhuluma hiyo itaondolewaje? Ribiera alianza na mkopo na reli. Ndiyo maana alipoanguka, makuli waliomwokoa hawakumwokoa kwa kuwa alikuwa Rais wao. Walimwokoa kwa amri ya msimamizi wao, naye msimamizi aliitumikia kampuni.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya Ribiera iliazimwa yote, kilemba hata viatu. Wenyewe walipoihitaji, au waliposhindwa kuilinda, alibaki uchi njiani. Kosa lake si ubaya. Kosa lake ni kudhani kwamba kwa kuwa yeye ni safi, basi na kilichomweka kitini kimesafika. Usafi wa mtu hauambukizi namna hiyo.

Na huyo mwananchi aliyesahauliwa na Rais, je, mwandishi alimkumbuka? Hapa nami nina lawama yangu kwa Conrad. Wachimbaji wa San Tomé, ambao wengi wao ni wenyeji wa asili wa nchi ile, wanaishi katika vijiji visivyo na majina ila nambari: cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mwandishi ameliona hilo na kutuonyesha, na hiyo ni shabaha nzuri. Lakini kisha hakumpa hata mmoja wao nafasi ya kusema anaionaje serikali ya Ribiera. Watu wa mjini, wanapotokea, aghalabu hutokea kama kundi la fujo lenye kelele na visu. Kila mzungu katika riwaya ana moyo unaopasuliwa mbele yetu, hata mfanyabiashara wa ngozi mwenye kuogopa kivuli chake, ilhali wengi wa nchi hawana ila mikono. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshutumu Conrad vikali kwa namna alivyowachora Waafrika katika hadithi yake ya Kongo, Heart of Darkness. Nostromo ni kitabu kipana zaidi na chenye haki zaidi, lakini doa hilo halikutoka lote. Mwandishi aliyemlaumu mtawala kwa kutowasikiliza watu, naye hakuwasikiliza vya kutosha.

Hata hivyo, doa halituzuii kuchukua kilicho kizuri. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Conrad kwa bidii alipokuwa Makerere, naye hakuwa mtu wa kupumbazwa na sifa za mzungu. Mwenye njaa ya maarifa huchagua, akala nyama akaacha mfupa.

Na mafunzo mengine tunayoyapata humo ni machungu. Kile kitabu cha mzee Avellanos, alichokiandika baada ya minyororo ili watu wasirudie miaka 50 ya ubovu, hakikusomwa. Siku ya ghasia karatasi zake zilishindiliwa katika bunduki na kufyatuliwa mitaani, nyingine zikaelea bandarini. Ribiera alisahauliwa. Sulaco ikapata rais mwingine na utajiri mwingi, na yule jambazi Hernandez akawa Waziri wa Vita. Mgodi ukaendelea, na mwishoni mwa riwaya daktari mmoja mwenye kuyajua mateso anamwambia mke wa Charles Gould kwamba amani iliyojengwa juu ya faida peke yake haitadumu, na kwamba siku yaja mgodi wenyewe utawaelemea watu kama walivyoelemewa na watawala wa zamani.

Msomaji mpenzi, wengi wetu hatutakuwa marais. Lakini tutachagua, tutaunga mkono, na katika nyumba zetu, vyama vyetu na kamati zetu tutamweka mtu mbele kwa kuwa ni mwema. Ni haki kuutazama wema wake, na asiye mwema asifike hata mlangoni. Ila tukimaliza kuutazama, tuulize maswali mengine mawili ambayo Sulaco haikuuliza siku ile ya karamu, meli ilipopambwa kwa bendera na bilauri zilipoinuliwa: gharama hii ameilipa nani, naye atataka alipwe nini?

Tukiona haya kumwuliza mtu wetu mwema maswali hayo, tusidhani kwamba tumemstahi. Tumempandisha nyumbu kiguru, na njia ya milimani iko mbele yake.